Mark X, mvua na ile taa ya njano

Wapenzi wa Toyota Mark X husema gari lenye VSC (mfumo wa kompyuta unaosaidia gari lisiteleze) haliwezi kuteleza na kujizungusha barabarani, kompyuta italirudisha. Kuna ukweli ndani yake, lakini umenyooshwa mno.

Mfumo huu, ambao Bosch na Mercedes-Benz waliutoa sokoni mwaka 1995, hulinganisha pale usukani unapoelekeza na pale gari linapokwenda. Vikitofautiana, hubana breki ya gurudumu moja moja na kupunguza nguvu ya injini. Hapo ndipo ile taa ya njano huwaka na kuzima kwenye dashibodi. Mfumo huu umeokoa wengi, sibishani.

Ila kazi yote hiyo hufanyika kupitia tairi. VSC haiongezi mshiko hata chembe. Inagawa tu ule uliopo. Ukiingia kona kwa kilomita 100 kwa saa badala ya 50, mshiko unaohitajika si mara mbili, ni mara nne. Lami iliyolowa na tairi za nyuma zilizo vipara haziwezi kuutoa, na hapo breki hubana gurudumu linaloelea juu ya maji.

Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Mark X nyingi, lina shida moja zaidi: tairi hizohizo zinazosukuma ndizo zinazozuia mkia usitoke. Ukikanyaga mafuta katikati ya kona, unazidai kazi mbili kwa wakati mmoja. Kompyuta itakata nguvu, naam, lakini mwendo ulioingia nao bado unao. (Na kuna wanaoizima VSC kwa kitufe, halafu wanailaumu.)