Mti unaofunga mawe: kuusoma urithi wa Himachal Pradesh kuanzia ukutani

Wengi wanaoniuliza kuhusu Himachal Pradesh, jimbo la milimani lililo kaskazini mwa India, hutaka kujua theluji iko wapi na mahekalu yako wapi, kana kwamba hizo ni safari mbili zisizohusiana. Mimi ni msanifu majengo, na kazi yangu ya kila siku ni kukarabati majengo ya kale, kwa hiyo jibu langu huwa lile lile: nenda kijijini, simama kwenye kona ya nyumba kongwe, kisha utazame ukuta. Hapo utauona msitu, utaliona jiwe la mlimani, na ukiwa na subira utaiona pia ile hofu ya tetemeko la ardhi ambayo mafundi wa huko wamerithishana kizazi baada ya kizazi.

Jimbo lenyewe lina kilomita za mraba 55,673, na lilipata hadhi ya jimbo kamili tarehe 25 Januari 1971. Kusini linaanzia kwenye vilima vya joto vinavyopakana na tambarare za Punjab, na kaskazini mashariki, kwenye mpaka na Tibet, kilele cha Reo Purgyil kinafikia mita 6,816. Kati ya ncha hizo mbili, kwenye miteremko yenye ubaridi, ndiko unakoota mti unaobeba habari yote ninayotaka kuieleza: mwerezi wa Himalaya, ambao wenyeji wanauita deodari. Jina hilo limetokana na maneno ya Kisanskriti yenye maana ya mti wa miungu. Ni mti mrefu, ulionyooka, wenye mafuta yanayoufanya unukie na yanayowafukuza mchwa na wadudu watoboao mbao, na ubao wake hustahimili unyevu kwa miaka mingi bila kuoza. Sisi tuliolelewa Pwani tunajua jinsi urefu wa boriti ya mkoko ulivyopanga upana wa vyumba vya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Huko Himachal, deodari ndiyo iliyopanga urefu wa kuta, umbo la roshani na hata kimo cha mahekalu.

Ujenzi wa kienyeji unaitwa kath-kuni, jina linalounganisha mbao na kona, na kwa kweli siri yake yote imo konani. Fundi huanza na msingi wa mawe makubwa ulioinuliwa juu ya ardhi ili theluji na maji ya mvua visiifikie mbao. Juu yake hulaza magogo mawili yaliyochongwa mraba, moja upande wa nje na jingine upande wa ndani, yaliyoungwa kwa vipande vifupi vya mbao vilivyopanuliwa ncha ili visichomoke. Nafasi iliyobaki katikati hujazwa kokoto na mawe madogo. Kisha hufuata safu ya mawe bapa yaliyopangwa bila chokaa, bila saruji na bila hata udongo wa kushikizia, halafu safu nyingine ya mbao, halafu mawe tena, mpaka ukuta ufikie paa. Kwenye kona, magogo ya ukuta mmoja hupanda juu ya magogo ya ukuta mwenzake na kufungwa kwa vigingi vya mbao. Msumari hauna kazi hapo.

Siku ya kwanza niliporuhusiwa kulikagua jengo la namna hii kwa karibu, katika kijiji kimoja cha bonde la Kullu, nilitia kidole kati ya jiwe na gogo nikakuta nafasi inayopitisha ukucha. Nilidhani ni kasoro, nikaiandika daftarini. Fundi mzee aliyekuwa akinitembeza akanishika mkono, akanionyesha nafasi kama hiyo katika kila safu, kisha akasukuma jiwe moja kwa kiganja ili nilione likicheza kidogo na kutulia tena. Ukuta uliogandishwa kwa saruji hupokea mtikisiko kama kitu kimoja, na ukizidiwa hupasuka; ukuta wa mawe makavu huyaacha mawe yasuguane na kuteleza kidogo, na msuguano huo hula nguvu ya mtikisiko, huku mbao zikiwa zimezizuia kona zisiachane. Paa la mawe bapa, ambalo uzito wake humtisha mgeni, husaidia kwa kuzigandamiza safu zote kwenda chini. Nililifuta lile neno kasoro nililoandika, na tangu siku hiyo sikagui ukuta wa kale kabla ya kumsikiliza aliyeujenga, au mwanawe.

Mtihani mkubwa ulikuja alfajiri ya tarehe 4 Aprili 1905, tetemeko la Kangra lilipoua watu wanaokadiriwa kuzidi 20,000. Ngome kongwe ya Kangra, yenye kuta nene za mawe, iliharibika vibaya, na maelfu ya nyumba za mawe na udongo zililala chini. Kasri la Naggar, katika bonde la Kullu, lililojengwa kwa mbao na mawe kwa mtindo huu, lilibaki limesimama, na mpaka leo wageni hulala ndani yake kwa kuwa limegeuzwa kuwa hoteli. Sisemi kwamba kath-kuni haishindwi na lolote. Mnara wa Chehni, katika eneo la Banjar, ulipoteza ghorofa zake kadhaa za juu katika tetemeko hilo hilo, ila sehemu iliyobaki bado ni ndefu kiasi kwamba mtu huikunja shingo kuitazama, na mlango wake, ulio juu sana kutoka ardhini, hufikiwa kwa gogo moja la mti lililochongwa vidato. Hakuna kishikio. Unapanda huku umelikumbatia gogo, na kila kidato kimelainishwa na nyayo za watu waliopita kabla yako.

Nyumba ya kawaida ina mpango wake wa maisha pia. Chini kabisa hukaa ng'ombe na kondoo, ambao joto la miili yao hupanda na kuwafaa walio juu wakati wa baridi kali; ghorofa ya kati huhifadhi nafaka na vifaa; ya juu, ambayo roshani yake ya mbao hutokeza nje ya ukuta pande zote, ndiyo wanayoishi watu. Roshani hiyo hupokea jua la majira ya baridi, na humo wanawake husokota sufu na kukausha matunda.

Hekalu la Hidimba mjini Manali ndilo ambalo wageni wengi hulijua. Lilijengwa mwaka 1553, lina kimo cha takriban mita 24, na mapaa yake yamepangwa ngazi kwa ngazi huku kila moja likiwa dogo kuliko lililo chini yake. Hidimba anatajwa katika Mahabharata, utenzi wa kale wa India, kuwa mke wa shujaa Bhima, na watu wa bonde hilo humheshimu kama mama wa ukoo wa wafalme wa Kullu. Ninachowaomba wageni wakitazame ni msitu wa Dhungri unaolizunguka. Deodari zake ni nene na zimesimama karibu karibu, na zimesalia katikati ya mji unaokua kwa sababu eneo hilo ni la mungu. Katika vijiji vingi vya Himachal kuna misitu midogo ya aina hii, ambayo mmiliki wake ni mungu wa kijiji. Kukata mti humo huhitaji ruhusa yake, ambayo hutolewa kupitia kwa mtu anayeitwa gur, anayeaminika kuwa sauti ya mungu huyo. Miungu hiyo hiyo hubebwa kwa machela ya mbao na kushushwa bondeni kila mwaka katika sikukuu ya Dussehra ya Kullu, na zaidi ya 200 hukusanyika katika uwanja wa Dhalpur kwa siku saba. Kwangu mimi, ofisa misitu mzuri kuliko wote huko hana ofisi.

Ulinzi wa kisheria nao upo, na una uzito wake. Hifadhi ya Taifa ya Himalaya Kuu, katika wilaya ya Kullu, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2014, na eneo lililoorodheshwa lina kilomita za mraba 905. Hakuna barabara ya magari inayoingia ndani yake; unaacha gari bondeni, mahali kama Gushaini kando ya mto Tirthan, kisha unapanda kwa miguu ukipita misitu ya mialoni na deodari mpaka nyika za juu. Humo huishi chui wa theluji, paa wa miski, na ndege ambaye wenyeji humwita jujurana, yaani mfalme wa ndege, mwenye shingo nyekundu na manyoya yenye madoa meupe, ambaye ni nembo ya jimbo.

Baada ya urithi wa ujenzi na ule wa msitu, wa tatu ni wa wakoloni, na siupuuzi. Waingereza waliifanya Shimla makao ya serikali yao ya kiangazi mwaka 1864, na mwaka 1903 wakafungua reli nyembamba ya kutoka Kalka yenye urefu wa kilomita 96, ambayo inapanda mlima kwa kupitia mahandaki zaidi ya 100 na madaraja zaidi ya 800. Karibu na Kanoh kuna daraja la matao 34 yaliyopangwa kwa ngazi nne, kazi ya mawe inayostahili mtu kushuka na kuitazama. Msomaji wa Afrika Mashariki akumbuke kwamba reli hiyo ilijengwa karibu wakati ule ule reli ya kutoka Mombasa kwenda Kisumu ilipokuwa ikijengwa na vibarua na mafundi ambao wengi wao walitoka Punjab, jirani wa milima hiyo hiyo.

Ukivuka milima kuelekea bonde la Spiti, upande wa kaskazini, deodari inatoweka. Mawingu ya mvua huishia upande wa kusini, nchi inakuwa kavu kama jangwa, na mafundi wakabaki na udongo. Monasteri ya Tabo, iliyoanzishwa mwaka 996, imejengwa kwa udongo ukuta hadi paa, na ndani yake mna michoro na sanamu za udongo za wakati ambao miji mingi ya pwani yetu ilikuwa bado michanga. Tetemeko la Kinnaur la Januari 1975 liliijeruhi, lakini ikasimama.

Linaloniumiza ni kwamba pande zote mbili sasa zinabadilika kwa kasi. Kusini, mti wa kujengea umekuwa adimu na wa gharama, mafundi wanazeeka bila wanafunzi, na nyumba za zege zinapachikwa kwenye miteremko iliyokatwa wima kwa mashine ili kupata kiwanja. Mvua za Julai na Agosti 2023 zilionyesha matokeo: mto Beas ulifurika na kusomba majengo, na pale Summer Hill, Shimla, ardhi iliporomoka na kuiacha reli ikining'inia hewani. Mjini Mandi, hekalu la mawe la Panchvaktra lilizingirwa na maji hadi juu, na yalipopungua lilikuwa pale pale. Kaskazini, paa la udongo lililobuniwa kwa ajili ya theluji kavu halina kinga dhidi ya mvua inayonyesha saa nyingi mfululizo, na kulifunika kwa saruji, kama wengine wanavyofanya kwa nia njema, huufungia unyevu ndani ya ukuta na kuuozesha taratibu.

Ukipanga safari, chagua Mei na Juni, au Septemba na Oktoba, uiepuke miezi ya mvua. Vijijini uliza kabla ya kugusa ukuta wa hekalu. Katika kijiji cha Malana, kwa mfano, mgeni haruhusiwi kabisa kuugusa. Na ukifika Tabo beba tochi ndogo, kwa kuwa kamera hairuhusiwi na ukumbi mkuu una giza. Usiiwashe mara moja. Kaa chini kando ya ukuta, ungoje macho yazoee ule mwanga mchache unaoshuka kutoka darini, na zile sanamu za udongo zitajitokeza moja baada ya nyingine.