Borrow na lend: dhana potofu na ukweli

"Can you borrow me your pen?" Sentensi hii utaisikia Dar es Salaam kila siku, madarasani, ofisini Posta, hata madukani Kariakoo. Anayeisema hana upungufu wa msamiati. Kinachomkwamisha ni kwamba Kiswahili kimempa kitenzi kimoja kwa kazi ambayo Kiingereza kimeipa vitenzi viwili.

Dhana: "Borrow" ni kuazima, basi imetosha.

Ukweli: Kuazima kwetu huenda pande zote mbili. Ukisema "nimeazima baiskeli", wewe ndiye uliyeipokea. Ukisema "nimemwazima Juma baiskeli", wewe ndiye uliyeitoa. Kiambishi -m- kimegeuza mwelekeo wote. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo hubadilisha kitenzi chenyewe: anayetoa "lends", anayepokea "borrows".

Kabla ya kusema, jiulize kitu kinatoka mkononi mwa nani. Kama mtenda wa sentensi ndiye anayekiachia, tumia "lend". Kama ndiye anayekichukua, tumia "borrow". Ndiyo maana "Can you lend me your pen?" na "Can I borrow your pen?" ni sahihi zote mbili na zinaomba kalamu ileile, mtenda ndiye aliyebadilika.

Hata anayejua maana huteleza kwenye mpangilio. "Borrow" hufuatwa na kitu, kisha mtoaji hutanguliwa na "from": "I borrowed 20,000 shillings from my sister." Wengi husema "to my sister" kwa sababu ya "kwa" yetu, ambayo iko katika "nimekopa kwa dada" na pia katika "nimekwenda kwa dada". Kiingereza hutenganisha chanzo na mwisho wa safari, na dada hapa ni chanzo. "Lend" ina njia mbili: "She lent me 20,000 shillings" au "She lent 20,000 shillings to me."

Kwa kutendwa, "nilikopeshwa" ni "I was lent". Ukisema "I was borrowed", umejifanya wewe ndiye kitu kilichoazimwa. Kitabu cha maktaba ndicho kinachoweza kuwa "borrowed".

Zipo lahaja za Kiingereza huko Marekani zinazosema "borrow me". Kwenye mtihani au barua ya kuomba kazi, hata hivyo, hilo litahesabiwa kosa.

Dhana: Wakati uliopita wa "lend" ni "lended".

Ukweli: Ni "lent", na hubaki hivyo baada ya "have". "Borrow" ndiyo huongeza -ed. Ukikutana na Lent kwa herufi kubwa, hiyo ni Kwaresima.

Dhana: Vitu ni "borrow", pesa ni "loan".

Ukweli: Kwa anayepokea, kukopa na kuazima vyote ni "borrow". "Loan" kwanza ni nomino, yaani mkopo. Marekani huitumia pia kama kitenzi, lakini kwa anayetoa tu: "He loaned me his car." Kwa hiyo "I loaned from the bank" kwa maana ya kukopa ni kosa popote, sema "I borrowed from the bank" au "I took out a loan".

Hapa tofauti inagusa mfuko. Baadhi ya mikataba ya mikopo imeandikwa kwa Kiingereza, na vifungu vyake hutaja "Lender" na "Borrower" tu, bila majina. "The Borrower shall pay" maana yake utalipa wewe. "The Lender may" maana yake mkopeshaji ameruhusiwa, wala hakulazimishwa. "Guarantor" ni mdhamini wako. Pitia kila kifungu ukiandika pembeni nani ni nani, kisha ndipo usaini. Watu wanaokimbia mikopo ya kausha damu, yaani ile yenye riba kubwa mno, wasiruke hatua hii hata kama karani ana haraka.

Dhana: "Rent" nayo ina jozi yake.

Ukweli: Hapa Kiswahili ndicho kinachotofautisha. Sisi tuna kupanga na kupangisha. Kiingereza kinatumia "rent" kwa wote wawili. "I rent a room in Sinza" kwa kawaida humaanisha wewe ni mpangaji. Mwenye nyumba aongeze "out": "I rent out two rooms in Sinza", au amtaje mpangaji kwa "to": "I rent a room to a student."