Cheni imeandikwa 925, mbona sonara hataki kulipa dhahabu?

Binamu yangu aliona cheni yake ya rangi ya dhahabu imepigwa muhuri wa 925 akajua leo ni leo, kodi ya nyumba imepatikana, akaibeba hadi kwa sonara mmoja hapa tao. Akarudi nayo shingoni. "Ati ni silva iliyopakwa dhahabu!" Kwani alidhani 925 ni nini?

Hapo ndipo wengi tunateleza. 925 si alama ya dhahabu, inamaanisha kwa kila sehemu 1,000 za hiyo metali 925 ni silva na zilizobaki mara nyingi ni shaba. Dhahabu ya karati 18 muhuri wake ni 750. Halafu muuzaji akikuambia "hii imepakwa karati 18" anaongelea usafi wa dhahabu ya hiyo ngozi ya juu, hajakuambia ni nene kiasi gani, so muulize ni maikroni ngapi (maikroni 1,000 ndio milimita moja). Kule Marekani ndio silva iliyopakwa dhahabu iitwe vermeil, hiyo dhahabu lazima iwe na unene wa angalau maikroni 2.5, na unywele wako mmoja ni kama 70! Nilipiga hesabu ya pete ndogo, tuseme sentimita 5 za mraba ndani na nje, ukiipaka dhahabu safi kwa unene huo haifiki hata gramu 0.03. Sasa sonara akwangue nini hapo? Anakulipa silva kwa mizani, basi.

Lakini pia wale wa "kama imepakwa ni feki" watulie. Medali ya dhahabu ya mwanariadha Faith Kipyegon ya mita 1,500 Olimpiki ya Paris 2024 ina gramu 529, dhahabu ni 6 tu, kuna chuma gramu 18 kilichotolewa Mnara wa Eiffel, kwingine kote ni silva. Mwambie basi amevaa feki. Feki ni kuuziwa shaba ukiambiwa ni silva, na usitegemee sumaku ikuokoe, hainasi silva, hainasi dhahabu, na hiyo shaba pia hainasi.

Ikianza kuwa nyeusi je? Silva hupata weusi ikikutana na salfa, hata ile ya ukweli kabisa. Pete ndio huchubuka haraka maana mikono haitulii, cheni na herini hukaa zaidi, na rangi ikiisha inapakwa tena.

Binamu ameshaulizia bei ya kupaka. Kodi bado.