Zawadi baada ya tenda, eti sio rushwa

Kuna hii imani ya siku nyingi vyuoni, kwamba rushwa ni ile inayotolewa kabla ya tenda tu, ila sapulaya akishapata kazi, akashusha mzigo na akalipwa, basi akimtumia mtu wa manunuzi simu mpya ni "asante" tu, haina shida. Hapana jamani. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania, ya 2007, kifungu cha 15, haiishii kwenye kishawishi, inataja na tuzo ya kitu kilichokwisha kufanyika. Na hili la "sisi chuo binafsi halituhusu" nalo sio kweli, kifungu kinamgusa yeyote anayefanya kazi kwa niaba ya mwajiri wake.

Shida yenyewe ipo stoo. Mkataba wa viti vya lekcha haujaisha, mzigo wa pili unakuja, miguu inacheza, welding ya kulipua, na wewe ndio unatakiwa usaini hati ya kupokea huku ile simu iko mfukoni. Utakataa kweli? Hiyo "asante" mara nyingi inalipia mzigo unaofuata.

Kalenda na peni zenye logo, mimi sioni neno. Sapulaya akitaka kuchangia mahafali, aandikie chuo barua, hela iingie akaunti ya chuo kwa risiti, sio kwenye M-Pesa ya mtu, na isiwe wakati tenda yake bado inapigiwa hesabu.