Signali za kukagua ubora wa mwanga kwenye faiba, maana yake nini hasa?

Wengi wakisikia neno signali kwenye mambo ya faiba wanafikiri inasemwa ile data yenyewe. Hapana, signali hapa ni nodi, yani vituo vya mtandao ambako faiba zinakutana, zinavyoongea zenyewe kwa zenyewe, nataka njia kutoka huku hadi kule, una nafasi, wavu lenthi (yani rangi ya mwanga) ipi iko wazi, na protokoli ndo utaratibu wa hayo maongezi, nani anaanza na nani anajibu nini. Sasa kuna protokoli zinazoongeza swali moja zito: mwanga ukipita njia hii, utafika ukiwa bado unasomeka?

Mwanga unapungua njiani. Faiba ya kawaida kwenye nanomita 1550 inakula kama desibeli 0.2 kila kilomita, unaona kidogo lakini kilomita 80 ni desibeli 16, yani imebaki kama sehemu 1 kati ya 40 ya ulichotuma. Amplifaya inaunyanyua sawa, ila inatia na kelele yake, na inayofuata inakuza mwanga pamoja na ile kelele halafu inaongeza ya kwake juu, ukiongeza vipande vinavyofanana mara mbili uwiano wa mwanga kwa kelele unashuka desibeli 3, yani nusu. Bado mwanga kutawanyika, mapigo yanatanuka mpaka yanaingiliana.

Zamani kila kituo kilibadili mwanga kuwa umeme, kikasafisha, kikatuma upya, kwa hiyo uchafu uliishia palepale. Siku hizi mwanga unapita nodi kibao bila kubadilishwa, na nodi ya katikati haisomi biti hata moja, kwa hiyo makosa ya njia nzima yanamwangukia risiva wa mwisho peke yake.

Ndo hapo protokoli inaingia. Chukua RSVP-TE, protokoli ya kutengea njia nafasi, ile iliyopanuliwa na IETF (shirika linaloandika viwango vya intaneti) mwaka 2003 ili itumike kwenye GMPLS, mfumo wa kuongoza mitandao ikiwemo ya mwanga. Ujumbe wa Path unatoka mwanzo wa njia kwenda mwisho, Resv unarudi ukithibitisha. Wazo la kukagua ubora ni kwamba Path ikipita, kila nodi inaandika mchango wake, kelele kiasi gani, mtawanyiko kiasi gani, ikifika mwisho vinajumlishwa na kulinganishwa na uwezo wa risiva. Ikishindikana linarudi jibu la kosa, inatafutwa njia nyingine au wavu lenthi nyingine.

Kitu ambacho naona kinawachanganya watu sana ni kwamba ujumbe huu unapita chaneli yake ya pembeni, haupandi kwenye mwanga wa data, kwa hiyo Path kufika salama hakuthibitishi kwamba data itafika, ndiyo maana hizo namba zinabebwa. Na hesabu haiishii kwa mgeni tu, mwanga mpya ukiwashwa unaweza kuwaharibia majirani waliomo tayari kwenye faiba hiyohiyo, nao lazima wakaguliwe. IETF iliyaweka haya kwenye waraka wake RFC 6566 mwaka 2012, ikionyesha pia kwamba hesabu inaweza kufanywa na kompyuta moja badala ya nodi kugawana.

Mwanga ukishawaka ukaguzi unahamia ndani ya fremu, yani vifungu ambamo data inapangwa kabla ya kutumwa. Kwenye G.709, kiwango cha fremu za mitandao ya mwanga, kuna biti za kukagulia ziitwazo BIP-8 ambazo anayepokea anazihesabu upya, zisipolingana anamrudishia mtumaji idadi ya makosa kupitia sehemu ya fremu iitwayo BEI. FEC, ile njia ya kurekebisha makosa kwa biti za ziada, nayo inahesabu biti ilizorekebisha, na hesabu hiyo inaanza kupanda wakati data bado inafika safi kabisa.