Mitambo ya gesi sio ya dharura tu

Kuna imani ya miaka mingi kwamba mitambo ya kufua umeme kwa gesi asilia ni ya akiba tu, yani inawashwa maji yakipungua bwawani au jua likizama alafu inazimwa. Imani hii haikutoka hewani, ipo mitambo inayofanya kazi hiyo kweli, turbaini (mashine ya mapanga inayozungushwa na gesi inayoungua) ya peke yake inaweza kuwaka na kutoa nguvu kubwa ndani ya dakika 10 mpaka 30, kwa iyo inawashwa pale matumizi yanapopanda ghafla.

Ila iko aina nyingine na hii ndo inasahaulika sana. Moshi wa moto unaotoka kwenye turbaini hauachwi upotee, unachemsha maji, mvuke unazungusha turbaini ya pili, na hapo ufanisi, yani sehemu ya nishati ya gesi inayogeuka umeme, unatoka kwenye asilimia 35 au 40 hivi unafika karibu 60. Mitambo ya hivo mingi inapiga kazi usiku na mchana. Ndo maana gesi inatoa zaidi ya asilimia 20 ya umeme wote duniani, ya pili baada ya makaa ya mawe.

Ukitaka kuhakiki mwenyewe, waendeshaji wengi wa gridi, yani mtandao wa kusafirisha umeme, wanaweka mtandaoni grafu ya uzalishaji wa kila saa, we angalia mstari wa gesi saa nane usiku kama umeshuka mpaka sifuri. Alafu usichanganye megawati, huo ni uwezo wa mtambo, na megawati-saa, huo ndo umeme uliotoka kweli, maana mtambo mkubwa unaweza kukaa kimya miezi mingi.