Kikosi cha besiboli mezani: ya barazani na ya dadu

Lamu mtu haulizwi kama anajua kucheza. Huulizwa anacheza nini. Kuna wa bao, kuna wa dhumna, kuna wa keram wasiosikia hata wakiitwa kula. Baraza yetu ya Langoni imeongeza mchezo mwingine, wa kadi za besiboli, na ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushika gongo uwanjani, ubishi wake baada ya Isha sasa unaushinda ule wa Arsenal na Manchester United. Shindano letu ni la kuunda kikosi. Rundo ni moja, kila kadi imepangiwa bei, kila mtu ana bajeti ileile, na lazima utoke na wapigaji 9 na mrushaji. Hapo ndipo maneno huanza, na mengi ya maneno hayo si kweli.

Kwanza niseme mchezo unavyokwenda, kwa asiyeujua. Kadi moja ni msimu mmoja wa mchezaji mmoja wa kweli wa Marekani. Sisi tunacheza Strat-O-Matic, mchezo ambao Hal Richman alianza kuuza mwaka 1961. Hutupwa dadu tatu. Dadu nyeupe ikitoa 1, 2 au 3, unasoma safu hiyo kwenye kadi ya mpigaji. Ikitoa 4, 5 au 6, unasoma kadi ya mrushaji. Dadu mbili zilizobaki unazijumlisha, unapata namba kati ya 2 na 12, kisha unashuka na safu hadi kwenye namba hiyo. Hapo pameandikwa kilichotokea: auti (mpigaji ametolewa), hiti (amepiga akafika kituoni), homurani (amepiga mpira nje ya uwanja, akazunguka vituo vyote vinne na kupata mkimbio, yaani pointi), au mpigaji kupewa kituo bure kwa sababu mrushaji ametupa mipira minne mibaya. Timu ina awamu 9 za kupiga, na kila awamu huisha kwa auti 3. Kwa hiyo mtaji wako wa mchezo mzima ni auti 27. Hesabu hiyo ndiyo ninayowarudishia watu kila wanapobishana, hata wakinuna.

"Mwenye wastani mkubwa wa kupiga ndiye mpigaji bora"

Dhana hii ndiyo inayomaliza bajeti za watu. Wastani wa kupiga huhesabu hiti peke yake: 0.300 ni hiti tatu katika kila mipigo kumi. Vituo vya bure haviuhusu kabisa, kana kwamba mtu aliyefika kituo cha kwanza akitembea hajafika.

Chukua kadi mbili uziweke pamoja. Ya kwanza ni ya Eddie Yost wa mwaka 1956, wastani wake 0.231. Ya pili ni ya Juan Pierre wa mwaka 2006, wastani wake 0.292, na mbio anazo. Ukiwapa vijana wachague, kumi kwa kumi watakwenda na Pierre. Mmoja aliitazama kadi ya Yost akasema, "Yakhe, huyu hata Shela kwa miguu hafiki." Lakini Yost mwaka ule alipewa vituo vya bure 151. Ukihesabu njia zote za kufika kituoni, alifika mara 41 katika kila zamu 100. Pierre alifika mara 33. Maana yake katika kila zamu 100 Pierre anakula auti nane zaidi ya Yost, na auti ndiyo hiyo niliyosema ni mtaji.

Sisemi Yost alikuwa mpigaji wa kutisha. Hiti ina faida ambayo kituo cha bure hakina, kwani wenzake walio mbele huweza kusogea vituo viwili. Lakini mtu akiniuliza niangalie namba moja tu kabla ya kununua, naangalia kiwango cha kufika kituoni, kisha ndipo naangalia nguvu za gongo. Wastani wa kupiga nauacha kwa wenye kupenda hadithi. Na kwa sababu wengi barazani hawautazami upande huo, kadi za akina Yost hubaki chini ya rundo zikiwa rahisi. Nazichukua kimya kimya, na msiwaambie.

"0.300 ni 0.300, mwaka wowote"

Siyo. Marekani ina ligi kuu mbili, Ligi ya Taifa (National League) na Ligi ya Marekani (American League). Mwaka 1930 Ligi ya Taifa nzima, wazuri kwa wabovu, ilikuwa na wastani wa 0.303. Yaani mtu wa 0.300 mwaka ule alikuwa wa kawaida tu. Mwaka 1968 mambo yaligeuka: Ligi ya Marekani nzima ilipiga 0.230, na Carl Yastrzemski akawa bingwa wa kupiga kwa 0.301, akiwa peke yake katika ligi hiyo aliyevuka 0.300. Warushaji walitawala kiasi kwamba msimu uliofuata kilima wanachosimamia kilishushwa kutoka inchi 15 hadi 10.

Sasa hilo linaingiaje kwenye kadi? Kumbuka nusu ya matokeo hutoka kwenye kadi ya mrushaji. Warushaji wa 1968 walikuwa wachoyo. Kadi zao hazitoi hiti nyingi. Ili Yastrzemski afikie 0.301 chini ya warushaji hao, safu zake mwenyewe lazima zibebe hiti nyingi kupita kiasi. Yule wa 1930 alisaidiwa na warushaji wa mwaka wake, kwa hiyo kadi yake haihitaji kubeba mzigo huo. Wote wawili wameandikiwa 0.300 na kitu, lakini ukiwapambanisha na mrushaji mmoja, Yastrzemski anamwacha mbali mwenzake. Basi ukichanganya miaka kwenye rundo moja, usisome takwimu zilizo pembeni. Soma safu.

Na usisahau wale wa msimu mfupi. Bob Hazle alikuja timu ya Milwaukee katikati ya 1957 akapiga 0.403, ila katika mipigo 134 tu. Kadi haijui kwamba ilikuwa bahati ya wiki chache. Itampiga mwenzako vilevile. Ndiyo maana mashindano mengi huweka kikomo cha zamu alizopata mchezaji katika msimu wake halisi. Kabla hujamshangilia Hazle, uliza sheria ya shindano. Kwetu ilibidi tuiweke haraka, na aliyesababisha anajijua.

"Homurani mbili kwenye kadi ni homurani mbili"

Hapa wacheza dhumna huteleza, ingawa hesabu yenyewe ni nyepesi. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Jumla ya 7 inapatikana kwa njia 6. Jumla ya 2 ina njia moja, 12 nayo moja. Kwa hiyo mpigaji mwenye neno homurani kwenye 2 na tena kwenye 12 anazo nafasi mbili kati ya 36 katika safu hiyo. Mwenzake mwenye homurani moja tu, lakini imeandikwa kwenye 7, anazo sita. Macho yanahesabu maandishi. Dadu hazihesabu hivyo.

Nikinunua kadi huwa naweka kidole katikati ya safu, kwenye 6, 7 na 8. Namba hizo tatu peke yake zina njia 16 kati ya 36, karibu nusu ya kila kitu kitakachotokea kwenye safu hiyo. Nikikuta pale pana vituo vya bure na hiti, bei naiona ndogo. Nikikuta auti tatu zimepangana katikati na mapambo yote yamewekwa kwenye 2, 3, 11 na 12, narudisha kadi hata kama jina linang'aa. Kuna pia mahali pameandikwa matokeo mawili, kwa mfano homurani 1 hadi 5 na hiti 6 hadi 20. Hapo unavuta namba nyingine kati ya 1 na 20 ili kuamua, kwa hiyo ile si homurani kamili. Ni robo yake.

Wanaocheza APBA, mchezo ulioanzishwa na J. Richard Seitz wa Lancaster, Pennsylvania, mwaka 1951, wasiibebe hesabu hii. Kule dadu mbili hazijumlishwi. Husomwa kama makumi na mamoja, kuanzia 11 hadi 66, na kila namba ina nafasi sawa na nyingine.

"Mrushaji ni mmoja tu, pesa ziende kwa wapigaji"

Tisa ni wengi kuliko mmoja, hilo hakuna anayelipinga. Lakini tuhesabu. Timu yako ikiwa inalinda, katika kila mitupo 100 ya dadu, karibu 50 husomwa kwenye kadi ya mrushaji wako. Timu yako ikipiga, mpigaji mmoja kati ya tisa hupata zamu kama 11 katika 100, na nusu ya hizo huangukia kadi ya mrushaji wa mwenzako. Kadi ya mpigaji uliyemnunua kwa bei ya jahazi itasomwa mara tano au sita. Ya mrushaji, mara 50.

Ndiyo maana Bob Gibson wa 1968, aliyeruhusu mikimbio 1.12 kwa kila awamu 9, anapaswa kuwa kadi ghali kuliko zote mezani, na kwetu alikuwa wa bei ya kati hadi juzijuzi. Tahadhari ni moja: mrushaji huchoka. Kadi yake ina namba inayoonyesha anaweza kwenda hadi awamu ya ngapi kabla hajaanza kulegea. Gibson mwaka ule alianza michezo 34 akaimaliza 28 mwenyewe. Wa miaka ya karibuni hawaendi hivyo. Ukimnunua mmoja wao bila wa kumpokea, awamu ya saba utajuta.

"Mwenye mbio ndiye apige wa kwanza"

Watu humtolea mfano Rickey Henderson, aliyeiba vituo 130 mwaka 1982, yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mpira upigwe. Kweli. Ila mwaka huohuo alikamatwa mara 42, na kilichomfanya awe hatari zaidi ni kwamba alipewa vituo vya bure 116. Alipiga wa kwanza kwa sababu alifika kituoni, na mbio zikaja juu yake. Kuiba kituo hulipa pale tu unapofaulu kama mara saba hadi nane katika kumi, kwani unachopata ni kituo kimoja na unachopoteza ni mtu aliyekwisha kufika pamoja na auti. Mwenye mbio asiyefika kituo cha kwanza hana pa kukimbilia.

Bunti ya kujitoa mhanga, yaani kuugusa mpira taratibu makusudi, wewe utoke auti ili mwenzako asogee kituo, ina ugonjwa uleule. Mtu akiwa kituo cha kwanza bila auti, timu hutarajia karibu mkimbio 0.9 kabla awamu haijaisha. Akisogezwa kituo cha pili kwa auti moja, matarajio hushuka hadi karibu 0.7. Umetoa auti, umenunua hasara. Wazee wa baraza huipenda mno bunti, wanaiona ni adabu ya mchezo, nami sitaki kuwakosea adabu. Nafurahi tu wanapocheza dhidi yangu.

Kuhusu mpangilio wenyewe, ubishi ni mkubwa kuliko faida. Kila michezo 9, anayepiga wa kwanza hupata zamu moja zaidi ya wa pili, na nane zaidi ya wa tisa. Kwa hiyo waweke juu wanaofika kituoni, wenye gongo zito wafuate, wabovu wakae chini, halafu anza kucheza. Kumtoa wa tatu umpeleke wa tano hakutakuokoa kama kikosi ulikinunua vibaya.

"Dadu imenidai, sasa italipa"

Dadu hazina kumbukumbu. Yastrzemski akikosa mara tano mfululizo, mtupo wa sita ni uleule kama wa kwanza. Kumtoa kwa sababu "kadi imekauka" ni kumpa zawadi mwenzako. Nimeona mtu mzima, mwenye akili zake, akipuliza kadi.

"Ulinzi ni pambo"

Kadi hubeba pia daraja la ulinzi, 1 hadi 5, na 1 ndiyo bora. Baadhi ya namba kwenye kadi ya mrushaji hazitoi jibu. Husema mpira umekwenda kwa mlinzi fulani, na daraja lake ndilo huamua. Wanaopelekewa mipira hiyo mara nyingi ni anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, kisha wa kituo cha pili. Ozzie Smith, aliyesimama hapo kati ya cha pili na cha tatu, alimaliza maisha yake ya mchezo na wastani wa 0.262 na homurani 28 tu, lakini mahali pake nitamlipia. Mlinzi wa daraja la 4 nitamficha uwanja wa kushoto.

Na hakikisha kila mtu ana mahali pake palipoandikwa kwenye kadi. Usiku mmoja kijana alimwaga kikosi chake mezani, wapigaji wa ajabu watupu, bajeti imebaki sifuri, tukaanza kupanga nani anasimama wapi na nani anadaka mipira ya mrushaji. Hakuwa na mdakaji.